Mala au kunde: nani anakaa tumboni?

Soko la Kibuye hapa Kisumu lina vyote viwili, mala (maziwa yaliyochachushwa) na kunde, na watu huniuliza kipi ni bora kwa bakteria wazuri.

Bakteria wa mala, hasa Laktokokasi, ni wapita njia. Wamezoea maziwa: sukari ipo tele, joto karibu digrii 30. Tumboni wanakuta asidi, nyongo na digrii 37, na wengi huondoka baada ya siku chache.

Kunde haileti bakteria, inalisha wenyeji, yaani bakteria wanaoishi tayari utumboni. Mchukue Bakteroidesi thetaiotaomikroni, mmoja wa wenyeji hao, ambaye jenomu yake (jeni zake zote) ilichapishwa 2003. Amejaa vimeng'enya vya kukatakata nyuzinyuzi za mimea ambazo mwili wetu wenyewe hauziwezi. Tena anabadilika kulingana na sahani: ukila ugali wa wimbi na kunde, anawasha jeni za mimea, nyuzinyuzi zikiadimika, anazima hizo na kuanza kula sukari zilizo kwenye ute unaofunika ukuta wa utumbo. Ujanja huo Laktokokasi hana.

Pesa ikitosha kimoja tu, nachukua kunde. Mala naipenda kwa utamu wake (na ugali moto, usiniambie kitu).