Kipimo cha testosteroni mjini Tabora: mkono mwepesi, maelezo haba

Maabara ninayoizungumzia ni ya binafsi, iko katikati ya mji wa Tabora, na sitaitaja jina kwa sababu wahudumu wake ni watu wa heshima na upungufu wao, kwa nilivyoona, ni wa utaratibu zaidi kuliko wa nia. Nilikwenda pale mara mbili kupima testosteroni, homoni ya kiume inayotengenezwa hasa na korodani, baada ya miezi kadhaa ya uchovu na kupungukiwa hamu ya tendo la ndoa.

Mara ya kwanza nilifika saa tisa alasiri, nimeshiba ugali na migebuka, siku chache tu baada ya kumaliza dawa za malaria. Kijana wa mapokezi aliniamkia vizuri, akapokea malipo na kunielekeza kwa mtaalamu wa kuchukua damu, ambaye ana mkono mwepesi kuliko wote waliowahi kunichoma sindano. Hakuna aliyeuliza kama nimekula, ninatumia dawa gani au niliugua lini. Hapo ndipo huduma ilipoharibika kabla hata damu haijaingia kwenye chupa, kwa kuwa homoni hii huwa juu asubuhi na kushuka kadiri siku inavyosonga, chakula huipunguza kwa muda, na ugonjwa wa ghafla kama malaria unaweza kuishusha hata kwa mtu ambaye korodani zake hazina kasoro. Sampuli inayofaa ni ile ya kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya kula, mtu akiwa mzima.

Karatasi ya majibu ilionyesha 9.4, pembeni pamewekwa alama ya kuwa kiwango kiko chini. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, kiliweka mpaka wa 300, kwa hiyo nilipoiona hiyo tisa nilijihesabu marehemu. Kumbe maabara ilitumia nanomoli kwa lita, na ule mpaka wa 300 ni wa nanogramu kwa desilita. Ukizidisha 9.4 kwa 28.8 unapata takribani 271, yaani chini kidogo tu ya mpaka huo. Kwa wataalamu wengi wa Ulaya, kiwango kilicho chini ya nanomoli 8 ni upungufu, kilicho juu ya 12 kwa kawaida hakina shida, na kilicho katikati kinahitaji uchunguzi zaidi. Nilipouliza maana ya ile alama, kijana alinijibu kwa upole, "Mzee, hiyo ni ya kuchoma sindano tu, zipo."

Jibu hilo ndilo linalonifanya nipunguze alama. Testosteroni ya sindano huufanya ubongo uache kuziamrisha korodani, na uzalishaji wa mbegu unaweza kushuka sana au kukoma kabisa kwa muda. Mwanamume anayetafuta mtoto angeondoka pale na tatizo ambalo hakuja nalo.

Daktari niliyempelekea karatasi ile hakuandika dawa. Aliniuliza juu ya usingizi, kukoroma na uzito, akanipima sukari na wingi wa damu, kisha akaniagiza nirudie kipimo asubuhi baada ya wiki kadhaa, safari hii pamoja na LH, homoni inayotoka kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo na kuziamrisha korodani zitengeneze testosteroni. Testosteroni ikiwa chini huku LH ikiwa juu, kasoro huwa kwenye korodani zenyewe. LH nayo ikiwa chini, au ya kawaida wakati ilipaswa kupanda, mashaka huelekezwa kwenye pituitari, na hapo prolaktini, homoni nyingine ya tezi hiyo, hupimwa pia. Alinieleza vilevile kwamba sehemu kubwa ya testosteroni husafiri ikiwa imeshikwa na protini za damu, na mojawapo, iitwayo SHBG, hupungua kwa watu wanene na huongezeka uzeeni. Kwa hiyo mnene anaweza kuonyesha jumla ndogo ilhali ile iliyo huru, ambayo ni asilimia chache tu, inamtosha.

Mara ya pili nilifika saa moja na nusu asubuhi bila hata kikombe cha chai. Majibu yalikuja baada ya siku nne: testosteroni 14.8, LH ya kawaida. Uchovu wangu, kama ilivyobainika, ulitokana na upungufu wa damu.

Kwa usafi, lugha nzuri na bahasha iliyofungwa ili jirani asisome mambo yako, ninawapa alama zote. Kwa maelezo ninawapa nusu. Karatasi ya pili nayo ilitoka bila saa ya kuchukuliwa kwa damu, na nilipoomba iandikwe, yule kijana aliiandika kwa kalamu pembezoni, akaniuliza kwa nini naitaka.