Geji inasema robo, tangi kavu: yaliyonikuta gereji

Gari lilinizimikia kwenye kilima usiku, mwanangu kalala kiti cha nyuma, na mshale wa geji umetulia kwenye robo. Robo! Tangi lilikuwa kavu kabisa. Tulikaa gizani zaidi ya saa nzima mpaka ndugu yangu akaja na dumu la mafuta.

Kilichoniuma ni kwamba wiki chache kabla nililipeleka gari gereji kwa tatizo hilohilo. Wakasema boya, kile kifaa cha ndani ya tangi kinachoiambia geji mafuta yamebaki kiasi gani, limekufa. Wakashusha tangi, wakafunga boya jipya, nikalipa. Nilimwambia fundi mkuu jambo moja tu: nikijaza tangi, mshale unaipita F na kuganda huko kwa muda mrefu. Hakuinua hata uso. "Mama, wewe endesha tu, mambo ya nyaya tuachie sisi." Vijana wake wakacheka.

Jibu lote lilikuwa kwenye maneno yale aliyokataa kuyasikia. Boya la gari langu lina rezista, kipande kinachoupunguza umeme unaopita (huko kuzuia ndiko ukinzani, hupimwa kwa omu): tangi likiwa tupu inasoma karibu na omu 0, likijaa inafika kama 90. Ukinzani ukiongezeka, mshale unapanda. Sasa mshale ukidanganya kwenda juu tangi likiwa tupu, na ukadanganya kwenda juu likiwa limejaa, kuna ukinzani wa ziada njiani. (Kuna magari ambayo hesabu yake imegeuka, 240 tupu na 33 limejaa, hayo kosa hilihili huushusha mshale.)

Nilichomoa waya hasi wa betri, nikainua kiti cha nyuma, nikachomoa plagi ya boya na kupima kati ya waya mweusi wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, na bodi yenyewe ya gari. Ilitakiwa isome karibu na sifuri. Mita ikasoma 22. Ndiyo robo yangu ile, karibu kabisa! Nikaufuata waya hadi kwenye buti: bolti imeota kutu, kichwa cha waya kimekuwa kijani. Nikapiga msasa mpaka chuma king'ae, nikakaza, nikapaka grisi. Nikapima tena, chini ya omu 1. Tangu siku hiyo mshale unasema kweli.

Mwanzoni nilitaka kuwapa nyota moja. Kisha nikasema nisiwe dhalimu, breki walizonifungia zamani ziko imara hadi leo, labda tatu. Lakini kila nikiandika naisikia ile "Mama, wewe endesha tu", namwona mtoto wangu kwenye lile giza, na mkono unakataa. Hata hiyo moja wasipewe. Kupima waya mmoja kabla ya kushusha tangi kungewachukua dakika kumi!

Na boya langu la awali, ambalo halikuwa na kosa lolote, walibaki nalo. Nalitaka.