Ziwa lililozaliwa na timbo: siku yangu Haller Park, Bamburi

Mara ya kwanza nilipelekwa Haller Park, hifadhi ya wanyama iliyoko Bamburi, Mombasa, na gari la watalii. Dakika arubaini na tano: twiga, kobe, picha, haya ingieni garini. Nilitoka nimeona wanyama lakini mahali penyewe sikupaona. Jumamosi iliyopita nimerudi kivyangu, nikamchukua na baba, tukakaa kuanzia saa tatu asubuhi hadi viboko walipopewa chakula saa kumi. Safari hii nina la kuwaambia.

Baba amekulia Kisauni. Anapakumbuka pale kabla hapajawa na mti hata mmoja. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na mawe yake ya matumbawe yakichimbwa hapo hapo, mpaka likabaki timbo, yaani machimbo, lenye sakafu nyeupe tupu. "Ukitazama mchana macho yauma," aliniambia tukiwa kwenye matatu ya Mtwapa. "Na lile joto, ni kama umekanyaga chuma cha chapati."

Basi shukeni langoni, liko kando ya barabara ya Malindi, lipeni, kisha fanyeni jambo moja ambalo wageni wengi hawalifanyi: msikimbilie twiga. Muulizeni anayewatembeza habari za maji. Wetu alikuwa kijana mpole, akamwamkia baba "shikamoo mzee wangu" na hakutuharakisha hata kidogo.

Mimi nilidhani kuna mto unaoingia mle, au bomba. Hakuna. Timbo lilichimbwa hadi likakaribia kabisa maji ya chini ya ardhi, na palipochimbwa zaidi kidogo, maji yakapanda yenyewe yakatulia. Ni maji ya chumvichumvi. Maana yake ziwa unaloliona, lenye kulastara wamesimama ukingoni na viota vya mnana vikining'inia juu yake, ni shimo la mawe lililojaa kutoka chini. Mawe yaliyotoka mle sasa ni kuta za nyumba zetu.

Kilichoniteka zaidi ni jinsi uhai ulivyorudishwa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya saruji, alianza kupanda miti juu ya jiwe. Alijaribu aina 26. Zikastahimili tatu tu: mnazi, damas, na mvinje. Mvinje ndio uliobeba kazi yote, kwa sababu mizizi yake huishi na vijidudu vinavyonasa naitrojeni, chakula cha mimea, kutoka hewani, kwa hiyo hauhitaji udongo wenye rutuba ili kuanza. Lakini ukaja na shida yake. Majani yake ni kama sindano, yakidondoka hayaozi, yanarundikana tu. Bila kuoza hakuna udongo, na bila udongo hakuna mti mwingine utakaoshika.

Dawa ikawa jongoo! Wale wakubwa weusi wenye miguu myekundu, tunaowaona mvua zikianza na watoto wakawachokoa kwa vijiti. Wakaletwa, wakala yale majani makavu, na kinyesi chao kikawa mboji. Tulimwona mmoja kando ya njia. Baba alichutama kabisa kumtazama. Ameshika kisindano cha mvinje kwa miguu ya mbele, anakitafuna taratibu kuanzia nchani, na nyuma yake ameacha vidonge vidogo vya kahawia. Tulikaa naye pengine dakika kumi. Mwenye watoto asiwapitishe hapo haraka.

Baadaye wakaja tilapia kwenye mabwawa, mamba, swala, viboko. Watu waliruhusiwa kuingia mwaka 1984, na mwaka 1987 Haller akatambuliwa na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira katika Global 500, orodha yake ya waliotunza mazingira. Na ndiko alikoletwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyekwama baharini huko Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe wa Aldabra aitwaye Mzee kana kwamba ni mamake. Hadithi hiyo wengi mnaijua, sitairefusha.

Je, panafaa? Kwangu mimi ndiyo, na ningepeleka kila darasa la Mombasa. Njia nyingi ni tambarare, baba mwenye goti baya alitembea bila taabu, na vivuli vipo vya kutosha. Vaeni viatu vilivyofunika vidole. Bebeni maji. Chakula kisionekane mkononi, tumbili wana macho. Asubuhi ndiyo bora kwa ndege. Mchana huwa kimya.

Tulipokuwa tukitoka, baba aliacha njia kidogo, akasimama chini ya mvinje mmoja mnene. Akafukua majani kwa ncha ya mkongojo wake. Kwanza sindano kavu, halafu mboji nyeusi yenye unyevu, kimo cha vidole vinne hivi. Kisha mkongojo ukagonga, ko. Akafagia kwa mkono, na chini pakatokea lile jiwe jeupe.

"Ndilo lile lile," akasema, akalifukia tena.