Lami au vitofali kwa mitaa midogo ya Mwanjelwa?

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, na kilio cha wakazi wengi wa Mbeya ni kimoja: lami. Kwa barabara ya daladala, sawa. Kwa njia nyembamba za Mwanjelwa, ambako bajaji, mkokoteni na mama muuza parachichi wanagombea nafasi ileile, nachagua vitofali vya zege.

Lami huwekwa haraka na ni laini. Ulaini huo ndio shida: bodaboda hukimbia, kisha mtaa mzima unadai matuta. Bomba la maji likipasuka, lami hukatwa, na kiraka chake mara nyingi huzama masika yakikolea. Vitofali hung'olewa, bomba likatengenezwa, vikarudishwa vilevile. Tena vijana wa mtaani wanaweza kuvifyatua na kuvipanga bila mtambo mkubwa, hela ikabaki hapohapo.

Kasoro vinazo. Msingi usiposhindiliwa vitadidimia, kingo zisipofungwa kwa zege vitatawanyika, na fuso la viazi likipita kila siku litavivuruga. (Mtaro ni lazima, iwe lami au vitofali, ingawa ndio husahaulika kwanza.)

Kuhusu upana, soko la Mwanjelwa liliteketea 2006, na gari la zimamoto halipiti juu ya meza za nyanya. Meza zikae upande mmoja, mpaka wake uonyeshwe kwa vitofali vyekundu. Kwenye lami ungechorwa kwa rangi, nayo hufutika.