Bia nyeusi za Ubelgiji: ipi ununue, na rafu ipi uikimbie

Malalamiko yamekuwa mengi, acha niyajibu kwa mpigo. Dada mmoja wa Bujumbura kaletewa na shemeji yake boksi la zawadi kutoka Brussels, chupa nne na glasi yake, akalifungua Jumapili mbele ya wageni. Bia ikanuka kadibodi iliyonyeshewa mvua. Kaka mmoja wa Dar kaniandikia kwa hasira: "Hizi ndizo mnazosema watawa wanapika huku wanasali? Nirudishieni Castle Milk Stout yangu." Wa tatu yuko hapahapa Ubelgiji, mjini Liège, naye analia kilio hichohicho.

Wote nimewauliza swali moja: chupa ilikaa wapi kabla hujainunua? Wote wamenijibu habari za kiwanda.

Basi leo sitawachosha na asilimia za kilevi wala umbo la glasi. Hayo yameandikwa kwenye lebo na macho mnayo. Ninachotaka kuwaambia ni kuhusu rafu. Bia nyeusi ya Ubelgiji inatoka kiwandani nzuri, halafu inaharibiwa dukani, na lawama anabebeshwa mtawa aliyeipika.

Kwanza tuelewane kuhusu huo weusi. Guinness inapata rangi na uchungu wake kwenye shayiri iliyokaangwa mpaka karibu iungue. Mbelgiji anategemea zaidi sukari ya kandi, yaani sukari iliyochemshwa mpaka ikawa sharubati nyeusi. Hamira inaila sukari hiyo karibu yote, kilevi kinapanda, lakini bia haiwi nzito mdomoni. Halafu hamira yenyewe ya Kibelgiji ina vituko vyake: inaachia harufu ya ndizi mbivu, karafuu, zabibu kavu, wakati mwingine tende kabisa. Ukija na kiu ya Turbo King, ile bia nyeusi ya Kongo, au Milk Stout utadhani mhudumu amekosea meza.

Jambo jingine dogo linalowapoteza wageni ni namba. Rochefort 6, 8 na 10, au Westvleteren 12, hizo si asilimia za kilevi. Ni vipimo vya zamani vya Kibelgiji vya uzito wa maji ya kimea kabla hayajachachuka. Rochefort 10 ina kilevi cha asilimia 11.3, Westvleteren 12 ina 10.2. Kwa hiyo usipime ukali wa bia kwa namba ya chupa.

Sasa turudi dukani. Chini ya kila kizibo hubaki hewa kidogo. Bia hizi huchachuka mara ya pili ndani ya chupa, na hamira iliyo hai hula sehemu ya oksijeni hiyo, lakini haimalizi yote. Chupa ikikaa mahali penye giza na ubaridi wa wastani, kinachobaki kinafanya kazi polepole, na bia kali nyeusi inazidi kunoga: inaanza kuelekea kwenye mvinyo mtamu wa Port. Ndiyo maana Wabelgiji wenyewe wanaziweka miaka. Ikikaa kwenye joto, kazi hiyohiyo inakwenda mbio na inaharibu. Tunda linakufa, utamu unageuka kuwa asali iliyochoka, na juu yake inakuja ile harufu ya kadibodi. Chupa ya kahawia inasaidia dhidi ya mwanga, si dhidi ya joto. Dirisha la duka linalopigwa na jua la Julai lina vyote viwili.

Tarehe iliyogongwa kwenye chupa haitakuokoa. Bia kali namna hii hupewa muda mrefu, miaka kadhaa mbele, kwa hiyo chupa inaweza kuwa imeungua dirishani tangu mwaka juzi na bado iko "ndani ya tarehe" kisheria. Muuzaji analijua hilo vizuri sana.

Tazama lebo. Izungushe chupa mkononi, ulinganishe upande uliotazama dirisha na upande wa nyuma. Rangi ikiwa imepauka upande mmoja, irudishe ulipoitoa. Gusa kioo: kikiwa na joto kama mkono wako, irudishe pia. Angalia bega la chupa. Vumbi la juu mtu anaweza kulifuta, lakini lile linaloganda kwenye mkunjo wa kizibo hakuna anayehangaika nalo, na kutu ikishaanza hapo chupa hiyo imekaa sana mahali pabaya. Ukiona zimepangwa vizuri kupita kiasi, kwa piramidi, chini ya taa kali, omba ya kwenye katoni. Anayekataa kukutolea ya kwenye katoni ameshakujibu.

Nilinunua Rochefort 8 mbili kwa makusudi, moja kutoka dirisha la duka la watalii nyuma ya Grand-Place, uwanja mkuu wa Brussels, nyingine kutoka depo ya vinywaji ya Ixelles, mitaa michache kutoka Matonge, mtaa wa Wakongo wa jiji hilohilo. Nikaziacha zisimame jikoni usiku kucha mashapo yatulie, nikazimimina sambamba. Ya depo ilitoa povu zito la rangi ya kahawa ya maziwa, likakaa, likaacha michirizi kwenye glasi. Pua ilipata zabibu kavu, tini, pilipili manga kidogo, giligilani kwa mbali. Ya dirishani ilipanda povu kwa pupa, likazama kabla sijaketi. Rangi ni ileile, huwezi kuzitofautisha kwa macho. Lakini nilipoinusa, nilinusa stoo: kadibodi, karatasi, na utamu mmoja bapa usio na tunda lolote. Uchungu wake ulibaki nyuma ya ulimi bila sababu. Kiwanda kimoja, kizibo kimoja cha kijani, na ile mbaya ndiyo niliyoilipia zaidi ya mara mbili.

Haya, ipi ununue.

Ya kwanza kwangu ni Rochefort, na sitajifanya mwamuzi asiye na upande. Historia ya bia katika abasia (yaani monasteri) ya Notre-Dame de Saint-Rémy inarudi nyuma mpaka 1595, na miaka ya karibuni watawa wake walikwenda mpaka mahakamani kuilinda chemchemi yao ya Tridaine dhidi ya machimbo ya chokaa ya jirani. Mtu anayepelekana mahakamani kwa ajili ya maji, bia yake nainunua nimefumba macho. Nunua 8, yenye kizibo cha kijani, asilimia 9.2. Wageni wanairuka na kukimbilia 10 kwa sababu namba ni kubwa. 10 ni nzuri sana, sikatai, ina chokoleti na tende na joto linaloteremka mpaka kifuani, lakini ni bia ya glasi moja baada ya chakula cha usiku. 8 unaweza kula nayo nyama ya kuchoma na bado ukasimulia kisa mpaka mwisho.

Ya pili ni St. Bernardus Abt 12, asilimia 10, kutoka Watou karibu na mpaka wa Ufaransa. Historia yake ndiyo inayoniuza: kuanzia 1946 kiwanda hiki kilipika bia kwa leseni ya watawa wa Westvleteren, mpaka watawa walipoimaliza leseni hiyo mwaka 1992. Kiwanda kikaendelea na bia zake kwa jina lake. Haina alama ya Watrapisti, shirika la watawa wa Rochefort na Westvleteren, kwa sababu haipikwi ndani ya kuta za monasteri. Mdomoni ni laini, ina ndizi iliyoiva sana na sukari ya kuungua, na inapatikana bila kumpigia mtu magoti.

Na hapo tuitaje Westvleteren 12, maana najua mtaniuliza. Sitaiweka kwenye orodha. Abasia ya Sint-Sixtus, wanakoipika, inaiuza kwa kuweka oda, na masharti yake yanakataza mnunuzi kuiuza tena. Kwa hiyo mara nyingi unapoiona dukani mjini, imewekwa pale na mtu aliyevunja neno lake kwa watawa, kisha akaipandisha bei mara kadhaa. Mimi nikimwona mtu anauza kitu kwa kuvunja ahadi, simwamini hata kidogo kuhusu alikoihifadhi. Ukiitaka kwa dhati, panda mpaka mkahawa wa In de Vrede ulio mkabala na abasia, uinywe pale, urudi zako.

Westmalle Dubbel ni ya tatu, na ndiyo ninayompa mgeni anayeanza. Asilimia 7, kavu kuliko zote nilizotaja, kakao kidogo, haikulemei. Ni babu wa mtindo mzima huu: mapishi yake ya sasa yanarudi nyuma mpaka 1926. Ni nafuu pia kuliko ndugu zake wakali, na inauzwa haraka, kwa hiyo si rahisi kuikuta imelala rafuni miaka.

Chimay Bleue, asilimia 9, ningeiweka chini zaidi kwa ladha, kwa sababu naona pilipili yake inanisukuma kidogo. Lakini inanipa kitu ambacho wengine wananinyima: mwaka umeandikwa kwenye lebo. Unajua umri wa unachonunua kabla ya kumuuliza mtu. Laiti wote wangefanya hivyo, makala hii isingekuwapo. Gouden Carolus Classic ya kiwanda cha Het Anker, Mechelen, asilimia 8.5, ni ya wapenda utamu. Imepewa jina la sarafu ya dhahabu ya mfalme Charles wa Tano. Chupa moja inanitosha kwa msimu.

Leffe Brune na Grimbergen za supamaketi? Zinanyweka. Zina jina la abasia, zinapikwa na makampuni makubwa, na bei yake inasema hivyo.

Kuhusu mahali pa kununua, jibu langu ni depo. Ingia kule wanakoingia Wabelgiji wenyewe na kreti tupu kwenye buti la gari. Kreti ya chupa 24 ina dhamana, unarudishiwa ukirudisha. Depo ni ghala: giza, sakafu ya zege, baridi mpaka unavuta koti, na mzigo unazunguka kila wiki. Mzee wa depo yetu nilipomuuliza kwa nini hana dirisha alinitazama kama nimemuuliza kwa nini haoshi ndizi kwa sabuni.

Kwenye vichochoro vya watalii hali ni kinyume. Glasi yenye nembo, chupa nne, plastiki inayong'aa, na bei ambayo ukiongeza kidogo unakaribia kreti nzima. Nilimwambia muuzaji mmoja kwamba lebo zake zimepauka. Akaniambia bia nyeusi haiharibiki, "inazeeka tu." Nikamwuliza kama mvinyo wake nao anauzeesha dirishani. Akaenda kumhudumia Mjapani. Na chupa tupu ukimrudishia hapokei, ingawa dhamana kakutoza. Tangu 2016 utamaduni wa bia wa Ubelgiji umo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO, na hawa ndio wanaourithisha kwa wageni wetu, kwa wajomba na mashangazi wanaokuja siku tatu na kurudi wakiamini wamedanganywa na nchi nzima.

Kama unabeba kwenda nyumbani, weka kwenye begi la kupakia, maana mkononi viwanja vingi havitakuruhusu chupa ya zaidi ya mililita 100. Mashirika ya ndege hayana kikomo maalumu kwa vinywaji vya kilevi kisichozidi asilimia 24, kikomo ni kilo za begi lako. Forodha ya unakokwenda ina hesabu zake, ziulize mapema. Funga kila chupa kwenye soksi, kisha katikati ya nguo. Ukifika, zisimamishe mahali penye giza siku mbili tatu, mashapo yarudi chini.

Na tafadhali, shemeji asiitupe kwenye friza. Kule nyumbani mhudumu anauliza ya moto au ya baridi, na hii haitaki yoyote kati ya hizo mbili. Itoe kwenye friji, iache mezani kama nusu saa, ifike nyuzi 12 hivi. Mimina taratibu kwa mwendo mmoja bila kusita, na ubakize kidole kimoja cha bia chini ya chupa kwa ajili ya mashapo. Kuna wanaoyanywa wakidai yana vitamini. Tumbo lao, shauri yao.