Tumesoma Le Passeur hapa Goma

Nakala yetu imechakaa, kurasa zinaachia. Ni tafsiri ya Kifaransa ya riwaya ya Lois Lowry, Mmarekani, ya 1993. Binti yangu ana miaka 12, rika la Jonas, mhusika mkuu, na aliimaliza kwa siku tatu. Mji wa Jonas hauna vita wala njaa, ila hauna rangi, na kumbukumbu zote za zamani anazibeba mzee mmoja. Jonas alipoanza kuona wekundu kwenye tufaha, binti yangu akafunga kitabu: “Mama, kama mbingu usiku ule wa Nyiragongo.” Mei 2021, volkeno hiyo ilipolipuka, tulikimbilia mji wa Sake, naye mdogo. Nilidhani amesahau. Mwanzo wa kitabu unajikokota. Mwisho umeachwa wazi mno, uliniudhi. Yeye anautetea mpaka leo.