Mafunzo ya maafa ya shehia: usikose siku ya pili

Mafunzo ya siku mbili ya kujikinga na maafa, niliyohudhuria Unguja mjini kabla ya masika, nayapa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya siku ya kwanza, ambayo ni maneno na picha ukutani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ada hakuna. Posho pia hakuna, na ndiyo maana ukumbi wa skuli ulibaki nusu baada ya chai.

Siku hiyo ya kwanza kilichofaa khasa ni kusoma taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wengi wakisikia "angalizo" hudhani ni kubwa kuliko "tahadhari". Ngazi zinapanda hivi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Mvua ikizidi milimita 50 kwa saa 24 huitwa mvua kubwa. Milimita 50 kwa maneno ni kidogo, lakini juu ya paa la mita 8 kwa 10 ni lita 4,000, yaani madumu 200 ya lita 20 kutoka nyumba moja. Hesabu mtaa mzima, na wote unateremsha bondeni.

Lililonikera ni kwamba bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kukupwa kuliko kawaida, halikutajwa hata mara moja, na hapa ni kisiwani. Siku za bamvua bahari hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na mtaro unaomwaga pwani huzibwa mdomo na bahari yenyewe. Maji ya mvua husimama, kisha hurudi majumbani. Kwa hiyo mvua ya saa nane mchana siku ya bamvua si sawa na mvua hiyohiyo ya saa nne asubuhi maji yakiwa yamekupwa. Kalenda ya Kiislamu iliyoko ukutani inatosha: tazama mwandamo na mwezi mpevu, ongeza siku moja au mbili, hizo ndizo siku za kutolala na mtaro uliojaa taka.

Siku ya pili ni ya mikono. Tulianza na viroba, yaani mapolo ya mchanga ya kuzuia maji yasiingie ndani. Kosa la kila mtu, mimi nikiwemo, ni kujaza polo mpaka shingoni. Polo lililojaa huwa duara na gumu, likilazwa linaacha matundu ambayo maji yanapita. Jaza nusu, likizidi sana theluthi mbili, usilifunge kwa kamba. Kunja mdomo uingie chini ya polo lenyewe, na mdomo huo uelekee upande maji yanakotoka. Polo linalofuata lilale juu ya mkunjo wa lililotangulia. Kisha likanyage kwa miguu mpaka lilale kama mto. Safu ya juu ipandie viungo vya safu ya chini, kama tofali. Tandika turubai au karatasi la nailoni upande wa maji, ncha yake ianzie chini ya safu ya kwanza, la sivyo maji yanapenya kwa chini. Upana wa chini uwe mara tatu ya kimo. Mlango mmoja ulikula viroba 12: sita chini, vinne katikati, viwili juu, na kimo kikawa kama sentimita 30. Ukuta mwembamba wa safu moja juu ya nyingine unasimama vizuri mpaka maji yauegemee.

Mchanga uliletwa kwa gari. Nyumbani gari hilo halipo. Mchanga Unguja huchimbwa kwa kibali na bei yake inajulikana, na kuuchota pwani si jibu, maana ufukwe ukiliwa bahari ndiyo inasogea. Udongo wa kichanga unafaa. Mfinyanzi mtupu hukataa kulala na huteleza, kokoto tupu hupitisha maji. Mapolo ya nailoni yaweke mahali pasipo jua. Yakikaa juani miezi kadhaa, siku ya kuyanyanyua yanabaki mkononi vipande vipande. Jambo moja lilirukwa: nyumba za bondeni maji huingia kwanza kupitia tundu la choo na la bafu, wala si mlangoni. Kiroba kimoja kidogo, kilichojazwa nusu na kuvikwa mfuko wa nailoni, kikandamizwe juu ya kila tundu kabla ya kuhangaika na mlango.

Umeme walieleza kwa dakika tano na zilitosha: zima swichi kuu maji yakiwa bado nje. Ikiwa sakafu imeshalowa na swichi iko ndani, usiiguse.

Somo la kisima ndilo lililonifanya niseme mafunzo haya yana thamani, na ndilo lenye kosa la hatari. Kisima kilichoingiliwa na mafuriko hutolewa taka na tope, kuta zake zikasuguliwa, kisha kikatiwa dawa. Kupata kiasi cha maji, zidisha kipenyo kwa kipenyo, kwa kina cha maji, kwa 0.785, vipimo vyote kwa mita, kisha zidisha kwa 1,000 upate lita. Kisima cha kipenyo cha mita 1 chenye maji ya mita 2 kina lita 1,570. Unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70 huchanganywa gramu 3 kwa lita moja ya maji, na kila lita 1,000 za kisima hupewa lita 10 za mchanganyiko huo. Kwa kisima hicho ni lita 16 hivi, unga kama gramu 48. Pima kwa mizani ya duka, usikisie kwa kiganja. Tumia ndoo ya plastiki, tia unga ndani ya maji na si maji juu ya unga, acha chokaa itulie, mimina maji ya juu tu. Kisima kilale usiku kucha bila mtu kuchota, kisha choteni mpaka harufu ipungue.

Kosa ni hili: tuliambiwa kisima kikaushwe kwa pampu mara tatu. Karibu na pwani maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa nguvu, chumvi inapanda, na kisima kinaweza kukaa hivyo muda mrefu. Chota kwa ndoo, onja, simama ladha inapobadilika. Na dawa hiyo ni ya siku ile tu. Karo la jirani, yaani shimo la maji machafu ya choo, linaendelea kuvujia kisimani. Maji ya kunywa yaendelee kuchemshwa au kutiwa dawa nyumbani, na yakiwa na tope yachujwe kwanza kwa kanga iliyokunjwa mara nne, maana uchafu hula klorini.

Kizima moto cha unga kilikuwa kimoja kwa watu thelathini. Kinaisha kwa robo dakika, kwa hiyo wawili walijaribu na sisi wengine tukatazama. Hapo kuna la kudai.

Jaketi okozi lilifundishwa vizuri kuliko nilivyotarajia, na baada ya kuzama kwa meli za MV Spice Islander tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi na MV Skagit tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe, hakuna aliyehitaji kuambiwa kwa nini. Jaketi la mtu mzima ni la kuanzia kilo 43. La mtoto ni kilo 15 hadi 43. Aliye chini ya hapo ana lake. Mtoto akivishwa la mkubwa huchomoka kwa chini akiingia majini. Jaribio: mnyanyue kwa mabega ya jaketi, likimfika masikioni, halimfai. Wanawake walifundishwa kupandisha baibui mpaka magotini, kulifunga kibwebwe kwa kanga, ndipo jaketi livaliwe juu. Bibi mmoja alilifunga jaketi lake kwa fundo la kukaza, mkufunzi akalifungua na kulirudia kwa kitanzi, kwa sababu fundo likilowa halifunguki.